Tatuu ya midomo: yaliyonipata kwa kurudia rangi siku ya kumi na moja, na namna ya kuuguza midomo hadi wiki ya sita

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, salaam. Nimesoma nyuzi nyingi zinazouliza bei ya tatuu ya midomo, saluni ipi ni nzuri na rangi gani inampendeza mtu mweusi, lakini sijakuta hata mmoja unaoeleza kwa kirefu yanayofuata baada ya mtu kuinuka kwenye kiti cha fundi. Mimi nimechorwa mara mbili. Mara ya kwanza niliharibikiwa kwa sababu sikujua kidonda cha mdomo kinaponaje; mara ya pili nilijifunza kwanza, nikatulia, na midomo ikapona vizuri. Naandika habari za mara zote mbili kwa sababu kazini kwetu mabinti huniomba ushauri mara kwa mara, na wengi wao huja wakiwa tayari wamekusudia kufanya kosa lile lile nililolifanya mimi.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu. Niliona siku kumi na nne zinatosha na kubaki. Siku mbili za mwanzo midomo ilivimba na rangi ikakolea kama ya mtu aliyetoka kula zambarau, siku ya nne ikaanza kubanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na ilipofika siku ya tisa nilijitazama kwenye kioo nikaona papi zimepauka, zina weupe wa kijivu kama za mtu aliyeshinda juani bila maji, na ile rangi ya waridi niliyoilipia haipo kabisa. Nilipandwa na hofu. Nikampigia fundi simu, nikamwambia wino haukushika na harusi ni Jumamosi. Naye, kwa kutaka kuniridhisha, akaniambia nije anirudie. Siku ya kumi na moja nikakaa tena kwenye kile kiti.

Ganzi haikushika vizuri, damu ilitoka kuliko mara ya kwanza, na nikarudi nyumbani midomo inawaka. Siku ya harusi nilikuwa na vigaga vinene vyeusi ambavyo hakuna rangi ya mdomo iliyoweza kuvificha. Wakati wa kukata keki nilicheka, mdomo wa chini ukapasuka katikati, na picha zote za saa ile zinanionyesha nimeshika tishu yenye damu karibu na kidevu. Baada ya miezi miwili uvimbe na maganda vilikuwa vimekwisha zamani, lakini kingo za midomo zilibaki na weusi kama wa masizi ya sufuria, na katikati kulikuwa na mabaka ya waridi yasiyolingana. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa ngozi, na maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonifanya nielewe nilichokifanya.

Ngozi ya papi za midomo ni nyembamba kuliko ya shavu, haina tezi za jasho, na karibu haina mafuta yake yenyewe, ndiyo maana hukauka upesi. Sindano hupita tabaka la juu na kuuacha wino kwenye tabaka lililo chini yake. Tabaka la juu hujifunga haraka, kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi, kwa hiyo mtu akiona hakuna kigaga tena hudhani amepona, ilhali chini kazi ya kujijenga inaendelea kwa wiki kadhaa. Ngozi changa iliyofunika kidonda huwa na ukungu, kama glasi iliyotolewa sasa hivi kwenye friji, na wino ulio nyuma yake hauonekani sawasawa mpaka ngozi hiyo ikomae. Rangi huanza kujitokeza tena kuanzia wiki ya tatu hivi, na sura yake halisi huonekana kati ya wiki ya nne na ya sita. Wino wangu wa mara ya kwanza, kwa maneno mengine, ulikuwapo siku ile ya tisa. Mimi ndiye sikuweza kuuona.

Daktari aliniongezea jambo lililonishangaza. Wino wa tatuu haukai tu kwenye ngozi kama rangi ukutani, bali humezwa na seli za kinga ambazo haziwezi kuuyeyusha, nazo zikabaki nao pale pale. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa waliofanya majaribio kwa panya walionyesha kwamba seli hizo zikifa huuachia wino, na seli nyingine changa huudaka hapo hapo. Ukiichoma tena ngozi ambayo bado inapanga mambo yake, unaleta uvimbe mpya juu ya uvimbe ambao haujatulia, na kwa sisi wenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, ngozi huujibu uvimbe kwa kutengeneza weusi. Ule weusi wa kingo haukuwa wino. Ulikuwa ngozi yangu mwenyewe ikijitetea.

Nilisubiri mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya kurudi tena, kwa fundi mwingine. Katika muda huo weusi ulipungua sana wenyewe, ingawa haukuisha. Miezi miwili kabla ya miadi niliacha krimu ya kung'arisha midomo niliyokuwa nikiinunua sokoni, kikopo kisicho na maandishi yoyote ya maana zaidi ya picha ya midomo. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Hizo mbili za kwanza zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini mkorogo, yaani krimu za kujichubua za namna hiyo, bado unapatikana kwa anayeutafuta. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na huchelewesha kidonda kupona, kwa hiyo anayekwenda kuchorwa huku anajipaka mkorogo ajue kwamba anampelekea fundi ngozi iliyokwisha kudhoofika.

Sasa nieleze uuguzaji wenyewe, na hapa nitakwenda taratibu.

Saa za mwanzo ndizo zinazoamua unene wa vigaga. Midomo ikishachorwa hutoa majimaji ya manjano, na yakiachwa yakaukie pale pale ndiyo yanayojenga kigaga kinene. Kigaga kinene kikibanduka huondoka na wino. Kwa hiyo kila baada ya robo saa hivi, kwa muda wa saa tatu, nilikuwa nikilowesha gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, nikiigusisha mdomoni bila kusugua, kisha nikikausha kwa gozi nyingine. Baada ya hapo nilipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje moja ya mchele kwa mdomo mzima, kwa kijiti cha pamba ambacho nilikitupa kila nilipomaliza. Nilinunua kopo jipya dogo kwa kazi hiyo tu. Lile kopo la familia ambalo kila mtu huchovya kidole chake halifai kabisa kwa kidonda kilicho wazi. Na mafuta yasizidi, kwa maana mdomo ukishinda unaogelea kwenye mafuta hulainika kupita kiasi na maganda huondoka kabla ya wakati wake.

Uvimbe ulikuwa mkubwa zaidi asubuhi ya siku ya pili. Nililala na mito miwili kichwani na kukanda kwa barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa safi, dakika tano hadi kumi kila mara, na kufikia jioni ya siku ya pili ulikuwa umeshuka kwa kiasi kikubwa. Maumivu yalikuwa kama ya midomo iliyoungua kwa chai.

Chakula ndicho kilichonitesa. Siku tano za kwanza nilikula kwa kijiko kidogo cha chai, nikifungua mdomo kama ninayemwonyesha daktari koo: uji uliopoa, mtori, wali laini, parachichi, papai. Ndimu, achari, pilipili, embe bichi lenye chumvi na kila kitu cha mafuta mengi niliviweka kando kwa siku kumi, na chai niliinywa ikiwa vuguvugu. Mswaki nilitumia wa mtoto, wenye kichwa kidogo, pamoja na dawa ya meno chache, nikihakikisha povu haligusi papi. Kukaanga samaki na kupuliza jiko la mkaa nilimwachia dada wa nyumbani, kwa sababu mvuke na moshi huukausha mdomo na kuuchokoza. Bahari, bwawa la kuogelea na mazoezi ya jasho jingi nilivisimamisha kwa wiki mbili. Walioolewa pia wawaeleze waume zao mapema kwamba kwa muda huo hakuna kubusiana wala kitu kingine kinachogusa midomo.

Kubanduka kulianza usiku wa siku ya nne, mdomo wa juu ukitangulia. Kuna kipande kimoja cha kona ya kulia kilichoning'inia siku nzima, kikinikera kila nilipotamka neno lenye herufi *m* au *b*. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilikipaka mafuta, nikakiacha, na asubuhi nikakikuta kwenye foronya, kidogo kama gamba la dagaa, chenye rangi ya kutu. Pale kilipokuwa palibaki laini bila hata tone la damu. Mara ya kwanza kipande kama hicho nilikivuta, na doa jeupe lililobaki hapo ndilo la mwisho kupona.

Siku ya tisa midomo ikapauka vile vile kama mara ya kwanza. Safari hii sikumpigia mtu simu. Nilikuwa nimeamua kupiga picha kila Jumamosi saa mbili asubuhi, dirishani pale pale, nisitegemee kioo cha bafuni. Jumamosi ya pili hakuna kitu. Ya tatu, kama kivuli cha waridi katikati ya mdomo wa chini. Ya tano, rangi ilikuwa imetulia pande zote, nyepesi kuliko ya siku ya kwanza kwa karibu nusu, na ndivyo fundi alivyokuwa ameniahidi. Nilirudi kwake wiki ya nane kujaziwa sehemu mbili ndogo tu.

Mchangiaji wa 1 (Mombasa)

Ahsante sana dada kwa maelezo haya. Mimi nimechorwa siku nne zilizopita, na tangu jana usiku kona ya mdomo inawasha na kuchoma, na leo nimeamka na vijilengelenge vidogo vidogo vilivyoshikamana pamoja vyenye maji ndani. Fundi ameniambia ni kawaida ya kupona. Nilishawahi kutokwa na vilengelenge kama hivi zamani kila nikipata homa. Je, ni kawaida kweli?

Mchangiaji wa 2 (muuguzi, Morogoro)

Dada yangu wa Mombasa, hiyo siyo kawaida ya kupona, na nakuomba uende hospitali leo, usingoje kesho. Vilengelenge vilivyoshikamana, vilivyotanguliwa na kuwasha na kuchoma, kwa mtu ambaye hutokwa na vilengelenge akiwa na homa, vinaelekea kuwa vya virusi vya hepesi. Usione aibu kulieleza jambo hili, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, sawa na asilimia 64, wana aina ya kwanza ya virusi hivi, na wengi wao waliambukizwa wakiwa watoto. Virusi hujificha kwenye neva vikiwa kimya, na jeraha la sindano mdomoni linatosha kuviamsha. Daktari atakuandikia asikloviri au dawa ya jamii yake, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Usitoboe vilengelenge, usimbusu mtoto, usichangie kikombe wala taulo, na ukivigusa nawa mikono kabla ya kugusa macho, kwa sababu hepesi ya jicho ni jambo zito.

Kwa wengine ambao bado hawajachorwa: kama umewahi kutokwa na vilengelenge hivyo hata mara moja tu, mwone daktari kabla ya miadi ili aamue kama uanze kumeza dawa ya kuvizuia tangu kabla ya kuchorwa. Fundi mwangalifu atakuuliza swali hilo bila wewe kulianzisha.

Naomba pia nieleze tofauti kati ya midomo inayopona na midomo iliyoingia vijidudu, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapochelewa. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakipungua siku ya pili kisha yakaongezeka siku ya nne, kuna tatizo. Uvimbe wa kawaida huwa pande zote mbili, nao hushuka; uvimbe wa upande mmoja unaozidi, wenye joto, unaopanda kuelekea shavuni, unahitaji daktari. Majimaji mepesi ya manjano siku ya kwanza hayana shida, lakini usaha mzito wenye harufu siku ya tano una shida, na ukiambatana na homa usiulize tena mtandaoni. Na mtu akivimba ulimi au koo, au akianza kupumua kwa taabu, huo ni mzio mkali. Apelekwe hospitali dakika hiyo hiyo.

Kuna jambo linalonisikitisha sana katika kazi yangu. Mtu akiona mdomo haueleweki, hukimbilia duka la dawa na kununua tyubu yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Hujisikia nafuu kwa siku mbili kwa sababu steroidi imezima wekundu, huku maambukizi yakiendelea chini yake, na kama ni hepesi huenea zaidi. Usipake kitu cha aina hiyo bila kupimwa. Spiriti na dawa ya povu ya kusafishia vidonda pia haziwekwi mdomoni, kwa kuwa huunguza ngozi changa inayojaribu kufunga. Maji safi yaliyochemshwa yanatosha.

Na kuhusu ganzi, angalieni kinachopakwa. Mwezi Machi 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya krimu za ganzi zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokaini inayozidi asilimia 4, zikiwamo zinazotumika kabla ya kuchora tatuu, kwa sababu dawa hiyo ikiingia nyingi mwilini huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Mdomo hunyonya dawa upesi kuliko ngozi ya mkono. Tyubu isiyo na maandishi unayoweza kuyasoma, ikataeni.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana muuguzi. Dada wa Mombasa, tafadhali nenda, kisha utupe habari.

Mchangiaji wa 3 (fundi wa kuchora, Arusha)

Mimi ni fundi, na nimeusoma uzi huu wote kwa uchungu, kwa sababu hilo la kumrudia mteja siku ya kumi na moja nami nililifanya nilipokuwa mgeni katika kazi hii. Mteja analia, amelipa fedha nyingi, ana shughuli mbele yake, na wewe unaogopa atakusema vibaya kwa wenzake. Ni vigumu kusema hapana. Siku hizi kabla sijagusa sindano ninamwonyesha mteja picha za midomo ya wateja wangu, kwa ruhusa yao, siku ya kwanza, siku ya tisa na wiki ya sita, na ninamwambia kwamba nikishamaliza leo sitamgusa tena kabla ya wiki sita hata akija na polisi. Mwenye shughuli aje miezi miwili kabla, au aje baada ya shughuli.

Kuna jambo kuhusu midomo yetu ambalo wengi hawaambiwi. Mdomo wenye weusi wa zambarau au kahawia ukiwekewa waridi jepesi moja kwa moja, rangi haiwi waridi. Hutoka kijivu, kama majivu. Kwanza huwekwa rangi ya chungwa au ya embe bivu ili ipatanishe ule ubuluu wa chini, midomo ikapona kabisa, na baada ya hapo ndipo rangi anayoitaka mteja ifuatie katika awamu ya pili, pengine hata ya tatu. Kwa hiyo ukiona baada ya awamu ya kwanza midomo imekuwa ya chungwa, huo ndio ulikuwa mpango, na uuguzaji wake ni ule ule alioueleza mwanzisha uzi, ukirudiwa kwa kila awamu tangu mwanzo. Wengine huulegeza awamu ya pili kwa kuona wameshazoea, na ndipo weusi unapowarudia.

Msikimbilie leza pia. Rangi nyingi za midomo huwa na oksidi ya chuma au titani dioksidi, na mwanga wa leza unaweza kuzigeuza zikawa nyeusi papo hapo badala ya kuzifuta. Aliyeharibikiwa asubiri midomo itulie, kisha aende kwa daktari wa ngozi atakayejaribu sehemu ndogo kwanza.

Mchangiaji wa 4 (Muscat)

Assalamu alaykum. Najua mashekhe wana kauli nzito juu ya tatuu na sikuja kulizungumza hilo. Mimi nilishachorwa, na sasa nauliza namna ya kuuguza. Huku kiyoyozi kinawaka mchana na usiku na midomo inanikauka mpaka inapasuka. Pia, je, kusukutua kwa ajili ya udhu kunadhuru?

Mchangiaji wa 2 (muuguzi, Morogoro)

Waalaykum salaam. Maji safi ya udhu hayadhuru ukiyatia taratibu na kukausha kwa kugusisha kitambaa safi bila kufuta kwa nguvu, kisha ukarudishia mafuta kidogo. Kwa upande wa kiyoyozi, kisikupulizie usoni ukilala, weka bakuli la maji chumbani ili hewa isikauke sana, na unywe maji ya kutosha. Mdomo ukikukauka usiulambe, kwa maana mate hukauka upesi na kuuacha mkavu kuliko mwanzo, na mdomoni mna bakteria wengi. Ambaye bado hajachorwa na anatarajia kufunga, naona ni bora asubiri Ramadhani ipite, kwa sababu siku za mwanzo za kidonda zinahitaji maji na mafuta mchana kutwa.

Nilisahau jambo moja la awali. Sindano zifunguliwe mbele yako zikiwa kwenye pakiti yake, na wino umiminwe kwenye kikombe kipya, usichovywe kwenye chupa ya wateja wote. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba na bado vikaambukiza. Chanjo yake ipo, na anayependa mambo haya ya sindano angeipata kwanza.

Mchangiaji wa 5 (Dodoma)

Mimi nanyonyesha mtoto wa miezi minne na rafiki zangu wananishawishi twende pamoja. Pia nina kovu la sikio lililovimba likawa kubwa kuliko tundu lenyewe la hereni.

Mwanzisha uzi

Mama, wewe subiri. Fundi wangu hapokei wajawazito wala wanaonyonyesha, na nakubaliana naye, kwa sababu ukipata maambukizi au mzio katika kipindi hiki dawa unazoweza kutumia kwa uhuru ni chache. Na hilo kovu ulilolieleza linafanana na keloidi. Hata mtoto akiisha kuachishwa ziwa, usikae kwenye kiti cha fundi yeyote kabla daktari wa ngozi hajaliona. Vivyo hivyo kwa wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, na waliomeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi ndani ya miezi sita iliyopita.

Mchangiaji wa 6 (Dar es Salaam)

Dada, leo ni siku yangu ya nane. Midomo yangu imepauka kabisa, imekuwa kama sijawahi kuchorwa, na mdomo wa juu una mistari mikavu. Nimelia asubuhi nzima. Fundi wangu amesema nikitaka nije kesho kutwa anirudie bila malipo. Nimesoma uzi wako lakini nashindwa kuamini kwamba kuna rangi chini ya hapa.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, najua kabisa unavyojisikia, na hata mara ya pili, nikiwa nimeshayajua yote haya, bado moyo ulinishtuka nilipojitazama siku ya tisa. Mwambie fundi ahsante, na kwamba utamwona baada ya wiki sita. Hiyo mistari mikavu ni ngozi changa isiyo na mafuta yake. Endelea na punje ile ile ya mafuta asubuhi, mchana na usiku, na kwa kuwa vigaga vimekwisha, ukitoka nje tumia mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua ya kiwango cha 30 kwenda juu, ujifunike na mtandio, maana jua la Dar huupausha wino na kuuamsha weusi. Usisugue kwa sukari, limau wala mswaki ili kuharakisha. Piga picha kesho asubuhi karibu na dirisha, kisha usijitazame kwa makusudi mpaka wiki ijayo siku na saa ile ile. Likijitokeza lolote kati ya yale aliyoyataja muuguzi, nenda hospitali. Lisipojitokeza, kaa.

Mchangiaji wa 1 (Mombasa)

Nimerudi kutoa habari. Ilikuwa hepesi kweli, kama alivyosema muuguzi. Nilianza dawa siku ile ile, vilengelenge vimekauka kwa muda wa siku saba, na daktari amesema kona hiyo huenda ikapoteza rangi, nami nimelikubali hilo. Mungu awabariki.

Mchangiaji wa 6 (Dar es Salaam)

Dada, leo nimetimiza wiki ya sita. Nilikaa. Jumamosi ya tatu hakukuwa na kitu na nilikaribia kumpigia fundi simu usiku. Jumamosi ya nne mama ndiye aliyeona kwanza, akaniuliza kama nimepaka kitu mdomoni, nami nilikuwa nimetoka kuamka. Sasa rangi imekaa vizuri pande zote, isipokuwa upande wa kushoto wa mdomo wa juu kuna nafasi ndogo kama mbegu ya ufuta ambako haikushika. Nimepanga miadi wiki mbili zijazo, na nimemwambia fundi aguse hapo tu.